Kibali cha Kumtukana Sikudhani

Wewe umewahi kukaa barazani kwako asubuhi, ungo mapajani, unachambua mchele, halafu ukaambiwa kwamba jana umetangaza vita? Mimi yamenikuta. Na hiyo jana yenyewe sikutoka hata uani, goti lilikuwa limevimba, nimeshinda nalikanda kwa maji ya moto na majani ya mnyonyo.

Sipendi kulalamika. Nchi yetu ni nzuri na serikali yake ni sikivu sana, husikia hata ambayo hayajasemwa, na miaka mingine husikia hayo tu. Nasimulia yalivyokwenda, taratibu, kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu za kutia chumvi.

Nchi yetu ina mto mmoja wa maana, na mto una daraja moja. Upande wa huku tunakaa sisi Wakomwe, tunalima ndizi. Upande wa pili wanakaa Waseta, wanalima muhogo. Tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, sisi na wao ni watani. Mseta akipita kwangu ana haki ya kukamata kuku wangu akaondoka naye, na mimi nina haki ya kumwambia mbele ya wakwe zake kwamba Mseta akisikia harufu ya nyama anaahirisha kufa. Naye atanijibu kwamba Mkomwe ni bahili, hata akipiga chafya anaikunja anaitia mfukoni. Tunacheka, kila mtu na njia yake. Lakini kazi hasa ya utani iko msibani. Wafiwa wanalia. Sisi watani tunachota maji, tunachimba kaburi, tunapika, na tunawatukana wafiwa mpaka wacheke, maana mwili wa binadamu hauwezi kulia siku tatu mfululizo bila mapumziko.

Mtani wangu mimi ni Sikudhani. Tulikutana kwenye mashine ya kusaga tukiwa wanawali wa juzi, yeye kaolewa wiki ile na mimi wiki ile, akanisukuma kwenye foleni akasema, "Sogea, Mkomwe, unga wako utasagika hata kwa kuutazama, ulivyo kidogo." Kuanzia hapo ni miaka thelathini na minane. Kila Alhamisi alivuka daraja na kikapu cha makopa ya muhogo mkavu, akarudi na mkungu wa ndizi, na katikati ya hayo tulikaa juu ya mkeka mmoja tukisuka mwingine. Mimi huanza ukindu kushoto, yeye huanza kulia. Mikeka yetu yote ina kasoro pale tunapokutana, na hakuna mteja aliyewahi kuirudisha.

Mwaka juzi, watu walipokuwa wanapanda uwele, mumewe Sikudhani, Mzee Lipukila, akafariki. Nikavuka kufanya kazi yangu. Nilivaa koti la marehemu la kaki, lile lililobaki kifungo kimoja, nikashika mkongojo wake, nikatembea alivyokuwa akitembea, mguu wa kushoto ukichelewa kama umesahau kitu nyumbani. Jeneza lilipotoka nikalala chini kulizuia, nikapaza sauti:

"Waseta mmezidi! Muhogo mmemaliza, nzige mmemaliza, sasa mnataka kumaliza na makaburi! Leo huyu, kesho wote! Na asiyekufa kwa hiari, sisi Wakomwe tutamsaidia!"

Sikudhani alikuwa na siku tatu hajatia kitu mdomoni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaomba uji.

Jambo moja lazima ulielewe, maana hadithi yote imelala hapo. Mjane wa Kiseta hufungwa kaniki kiunoni kwa fundo. Akiwa na fundo lile havuki maji, haendi sokoni, halali kitandani. Mwaka ukitimia linafunguliwa, na halifunguliwi na mwanawe, wala ndugu yake, wala mtu wa dini. Linafunguliwa na mtani wake, baada ya kumtukana mbele ya watu. Mtani asipofika, mjane anabaki na kaniki yake mpaka naye azikwe nayo. Fundo la Sikudhani lilikuwa mikononi mwangu, na kwa kuwa yeye hakuweza tena kuvuka, Alhamisi zikawa zangu. Nikawa navuka mimi.

*

Miezi miwili baada ya mazishi ndipo nikaambiwa nimetangaza vita. Aliyenipa habari ni binti yangu Tegemea, muuguzi wa zahanati. Alikuja mbio, kofia ya kazini bado iko kichwani.

"Mama, umefanya nini?"

"Nachambua mchele."

"Hapana, huku!" Akaninyooshea simu.

Nikajiona. Sekunde kumi na mbili tu. "Leo huyu, kesho wote! Na asiyekufa kwa hiari, sisi Wakomwe tutamsaidia!" Jeneza halipo. Kicheko cha Sikudhani hakipo, mahali pake wametia ngoma nzito za kutisha. Koti la marehemu lilionekana vizuri, lakini chini yake waliandika kwamba ni sare ya jeshi la siri la Wakomwe.

Na haikuishia hapo. Huko mtandaoni kulikuwa na mtu anaitwa Bibi wa Mpakani. Sura ni yangu, kilemba ni changu, hata lile jino la mbele lililovunjwa na muwa ni langu. Alikuwa akisema kila asubuhi, bila kukosa, hata Jumapili. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi mpaka kikakauka.

"Hapa unasema," Tegemea akanisomea, "'Ndugu wapendwa Wakomwe, wakati umewadia wa kulinda rasilimali zetu adhimu.'"

"Rasilimali ndiyo nini?"

Tegemea akafikiri. "Kwa hapa kwetu nadhani ni ndizi."

"Sasa mbona sikusema ndizi?"

"Mama, si wewe uliyesema!"

"Ndiyo maana nauliza."

Bibi wa Mpakani aliwaambia Wakomwe kwamba Waseta wanatia dawa kwenye muhogo ili tupungue akili. Upande wa pili nao walikuwa na wao, anaitwa Babu wa Mtoni, mzee mwenye ndevu safi kama pamba ya hospitali. Huyo aliwaambia Waseta kwamba ndizi za Wakomwe zinawamaliza wanaume nguvu za kuzaa. Waseta wenyewe wana watoto tisa tisa kila nyumba. Wakaamini.

Ndani ya mwezi mmoja mashine ya kusaga ikawekewa zamu, Wakomwe asubuhi, Waseta mchana. Soko likagawanywa kwa kamba ya katani. Mwalimu mkuu akatenganisha madawati. Mvua ilipokatika watu wa huku wakasema Waseta wameifunga, na watu wa kule wakasema Wakomwe wameifunga, na hilo ndilo jambo la mwisho tulilokubaliana wote, kwamba imefungwa.

*

Alhamisi iliyofuata nikajitwisha mkungu wa ndizi nikaenda darajani. Katikati ya daraja nikamkuta Kondo, mwana wa kwanza wa Sikudhani, mtu mzima wa miaka thelathini na tano, amesimama na wenzake na fimbo.

"Shikamoo, mama," akasema. Adabu anayo, sitamsingizia.

"Marahaba, Kondo. Nipishe nikamwone mama yako."

"Usivuke, mama. Ulisema mtatusaidia kufa."

"Nilisema kwenye mazishi ya baba yako! Na wewe ulikuwepo, ulikuwa umeshika jeneza upande wa miguu."

"Nilikuwepo."

"Ulicheka mpaka kamasi zikakutoka."

"Nilicheka." Akatazama chini mtoni. "Lakini pale nilikuwa kwa nyuma, mama, sikuona vizuri. Kwenye simu inaonekana vizuri."

Mtoto niliyembeba mgongoni alipougua surua, leo ananitazama usoni na bado ananitafuta kwenye simu. Nikaweka ndizi chini pale darajani, nikamwambia ampelekee mama yake. Aliziacha. Siku ya pili nilizikuta zimeanza kuiva, juu yake kuna kibao: "Tahadhari."

Hapo ningeweza kupita mtoni kwa miguu, maana kiangazi maji yanaishia magotini. Sikupita. Niliona haya, na kwa kweli niliogopa. Nikaanza kuandika barua. Nilisoma mpaka darasa la nne, mwandiko ninao. Nikaandika: "Mpendwa Sikudhani, naomba radhi kwa maneno yaliyosambaa." Nikampa Kondo darajani. Jibu halikuja. Nikaandika nyingine, nzuri zaidi, nikaomba radhi mara tatu. Jibu halikuja. Kila barua niliyoandika ilikuwa na heshima kuliko iliyotangulia, mpaka ikafika mahali nikamwita "Mheshimiwa Mjane".

*

Tegemea akasema tuende serikalini, tukaeleze kwamba mimi si Bibi wa Mpakani. Tukaenda. Tulipokewa na Bwana Desderi Mlowezi, Afisa Ukweli wa Wilaya, kijana mwenye kalamu nne mfukoni na wino kwenye moja. Hakuniamkia. Baadaye nilielezwa kwamba si ujeuri, ni mwongozo wa wizara. Afisa haruhusiwi kumwamkia mtu ambaye hajathibitishwa.

"Bibi, unadai wewe ni nani?"

"Zamoyoni binti Kilango, wa hapa mtaa wa mashineni."

"Na unamfahamu Bibi wa Mpakani?"

"Ni mimi, ila si mimi. Wameiba sura yangu."

Bwana Mlowezi akafungua mashine yake, akaniangalia mimi, akaiangalia mashine, akaniangalia tena kwa huruma.

"Bibi, huyu wa mtandaoni ana alama ya uthibitisho. Unaona hiki kitiki cha bluu? Wewe huna."

"Kinawekwa wapi?"

"Ana wafuasi milioni mbili. Wewe una wangapi?"

"Nina kuku saba. Na wawili kati yao hawanifuati."

Tegemea akanikanyaga mguu. Bwana Mlowezi akasema wizara haiwezi kuamua kwa upendeleo, lazima isikilize pande zote mbili. Akamwandikia Bibi wa Mpakani barua pale pale kumuuliza kama anamtambua mwanamke aliyefika ofisini akidai kuwa na sura yake. Tukakaa kwenye benchi. Kabla sijamaliza kupepea, jibu likaja. Dakika nne.

"'Mimi Bibi wa Mpakani,'" akasoma Bwana Mlowezi, amesimama, "'nalaani vikali matapeli wanaotumia sura yangu kuwahadaa wananchi.'" Akaketi taratibu. Macho yalikuwa yamemlowa. "Dakika nne, bibi. Mimi nimeandikia makao makuu tangu mwaka jana kuomba kiti."

Nikapewa onyo la maandishi la kujifanya mimi. Lilikuwa na muhuri mzuri wa zambarau. Nililitundika ukutani, maana ndiyo karatasi pekee ya serikali yenye jina langu kamili.

Wiki ile ile, bungeni, Waziri wa Ukweli, Mheshimiwa Profesa Kipalapala, akasimama kujibu maswali kuhusu hali ya mpakani. Alisema serikali ina taarifa za uhakika. Akaulizwa amezipata wapi. Akajibu, kwa Bibi wa Mpakani, kikongwe mzalendo ambaye, kwa maneno yake, "licha ya elimu yake ndogo, ameona mbali kuliko maprofesa." Wabunge wakapiga meza. Nilisikiliza kwenye redio nikiwa namenya ndizi. Sijawahi kusifiwa kiasi kile.

*

Mwezi wa sita tangu mazishi hali ilikuwa imechafuka. Migomba ilikatwa upande wa huku, ghala la makopa likachomwa upande wa kule, na mzee mmoja wa Kiseta aliyefika zahanati kwa Tegemea alikataa sindano mpaka aoneshwe imetengenezwa wapi. Hapo ndipo serikali ikaunda tume kuchunguza maneno haya yanatoka wapi. Tume ilifuata harufu yake ikavuka bahari, ikafika mpaka kwenye nchi moja inayoanguka theluji, ikakaa huko miezi mitatu ikiangalia. Ikarudi na makoti mazito ya manyoya, ambayo wajumbe waliyavaa uwanja wa ndege kwenye jua la saa saba, na ripoti.

Ripoti ilikuwa ya siri ili wananchi wasitaharuki. Mimi nimeisoma. Sokoni wauza karanga walikuwa wanafungia karatasi zake, na ukinunua mfululizo kwa mama yule yule, kurasa zinakuja kwa mpangilio. Ukurasa wa kumi na mmoja nilikula karanga za kuungua, lakini nilikuwa nataka kujua mwisho.

Iliandikwa kwamba huko kuna jumba, ghorofa ya tatu, watu wanaingia kazini kwa zamu kama kiwanda cha sabuni. Kuna chumba cha kutufanya sisi tusipendane, na vyumba vya wengine. Kwa nini wanafanya, tume haikuweza kuuliza, kwa kuwa walinzi hawakujua Kiswahili. Wapo waliosema ni kwa ajili ya uchaguzi wetu, wengine madini yaliyo chini ya mto, wengine walisema ni ajira tu kama ajira nyingine. Bibi wa Mpakani ni mwanamume mmoja mwenye mke na mtoto mdogo na kikohozi kisichopona. Babu wa Mtoni ni dada mmoja anayependa maua. Meza zao zimepakana. Saa kumi wanakunywa chai pamoja na kuazimana sukari. Yule dada alimfumia yule bwana soksi.

Sikuwachukia, nasema kweli. Nilijisikia wivu.

*

Basi serikali ikachukua hatua. Mheshimiwa Profesa Kipalapala akaja mwenyewe mpaka darajani, akapandishwa juu ya jukwaa lililopambwa kwa majani ya mgomba upande mmoja na majani ya muhogo upande mwingine, na walinzi katikati kuzuia majani yasigusane.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Kuna watu wanasema serikali yenu imelala. Serikali haijalala! Imefumba macho ili kufikiri! Adui wa nje ametumia mizaha yetu kutugawa. Sasa, adui hatumwezi, yuko mbali na kwake kuna baridi. Lakini mizaha tunaiweza! Mizaha iko hapa hapa!"

Ikapita Sheria ya Udhibiti wa Utani Baina ya Jamii. Kuanzia siku ile, kumtania mtu wa upande wa pili ni kosa, isipokuwa kwa kibali. Kibali kinaombwa kwa Fomu UT 7, nakala nne, na kwa utani wa misibani iwasilishwe siku kumi na nne kabla ya kifo. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza, je, mtu akifa ghafla? Bwana Mlowezi akamjibu kwamba kufa ghafla ni kutokupanga.

Niliihesabu miezi kwa vidole. Mwaka wa kaniki ya Sikudhani ulikuwa unatimia msimu wa kupanda uwele ukirudi. Nikaenda kuchukua fomu.

Wewe hujaiona Fomu UT 7, acha nikueleze. Inataka jina la mtukanaji na jina la mtukanwa. Inataka aina ya tusi, la chakula, la sura, la ukoo, au mengineyo. Inauliza kicheko kinachotarajiwa ni cha kiwango gani, kidogo, cha wastani, au cha kuhatarisha usalama. Mwisho kabisa inataka dole gumba la mtukanwa kuonesha kwamba ameridhia kutukanwa.

Hilo la mwisho lilininyima raha. Miezi minane sijapata neno kutoka kwa Sikudhani, nitalipataje dole lake? Nikaenda darajani, nikampa Kondo fomu bila kusema kitu. Akaigeuza huku na huku, akaona nembo ya serikali, akasimama wima kidogo. Kesho yake akairudisha. Dole lilikuwepo, la wino wa bluu, na katikati yake mstari mweupe wa kovu, pale alipojikata akimenya muhogo mwaka ule wa mafuriko, nikamfunga kwa upindo wa kanga yangu.

Nikalitazama lile dole kama watu wengine wanavyotazama picha.

Kwenye nafasi ya tusi niliandika: "Mseta akisikia harufu ya nyama anaahirisha kufa." Fomu ikaenda wizarani, ikakaa wiki tatu kwenye kamati ya wataalamu wanane. Ikarudi imekubaliwa kwa marekebisho madogo. Tusi sasa lilisomeka hivi:

"Baadhi ya wanajamii wa upande wa pili wameripotiwa, katika nyakati tofauti, kuwa na hamu ya chakula iliyo juu kidogo ya wastani wa kitaifa, changamoto ambayo kwa ushirikiano wa wadau inaweza kutatuliwa."

"Hili si tusi," nikamwambia Bwana Mlowezi.

"Ni tusi salama, bibi. Limefanyiwa majaribio mjini. Hakuna aliyeumia."

"Na kuna aliyecheka?"

Akapekua faili. "Hilo halikuwa kwenye hadidu za rejea."

*

Siku ikafika. Asubuhi ile Bibi wa Mpakani alitangaza mtandaoni kwamba hatakanyaga ng'ambo kamwe, kwa hiyo watu waliponiona navuka daraja walishangaa, na wengine wakasema waziwazi, "Huyu si yeye, yeye kasema haji." Kondo alisimama pale pale katikati. Nikamwonesha kibali. Akausoma muhuri, akausoma tena kwa kidole.

"Sasa hiki ni kitu rasmi, mama," akasema. "Pita."

Uani kwa Sikudhani kulikuwa na watu kama mia. Waseta walikaa kwenye vigoda upande mmoja. Wakomwe wachache waliothubutu kunifuata walisimama karibu na lango, mgongo nje, kama watu walioacha sufuria motoni. Bwana Mlowezi alikuwa na meza yake ndogo, muhuri, kidau cha wino, na saa ya kupimia kicheko.

Sikudhani alikuwa ameketi juu ya mkeka chini ya ukuta, kaniki yake imepauka kwa kufuliwa. Amekonda. Kichwa chake kimekuwa cheupe chote, na mimi sikuwepo kikiwa kinabadilika. Hakunitazama. Alitazama mikono yake.

"Endelea, mtukanaji," akasema Bwana Mlowezi.

Nikafungua karatasi. Nikatoa miwani, nikaifuta kwa kanga, nikaivaa. Nikasoma.

"Baadhi ya wanajamii wa upande wa pili wameripotiwa, katika nyakati tofauti..."

Nilisoma yote, mpaka kwenye wadau. Mbuzi alilia nyuma ya nyumba. Mtu mmoja akakohoa, na Bwana Mlowezi akamtazama kwa makini, halafu akaona ni kikohozi kweli.

"Kicheko, hakuna," akasema huku akiandika. "Majeruhi, hakuna. Hali ni shwari." Akapiga muhuri. "Bibi, unaweza kufungua."

Nikapiga magoti pale mkekani, goti langu likalalamika, nikanyoosha mkono kwenye fundo. Sikudhani akaweka kiganja chake juu ya fundo akalifunika. Nikafikiri sikushika vizuri, nikajaribu upande wa pili. Akalifunika tena.

"Mtukanwa," akasema Bwana Mlowezi, "kwa mujibu wa fomu umesharidhia."

Sikudhani akakaza kiganja. Kondo akainama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, ni halali. Kuna muhuri." Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaanza tena yale yale ya barua.

"Sikudhani, nakuomba radhi. Mbele ya watu wote hawa, nakuomba radhi kwa maneno yaliyo..."

"Nyamaza!"

Alisema kwa nguvu mpaka kidau cha wino kikaruka mezani. Akainua uso, tukatazamana kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi.

"Barua zako Kondo alinisomea zote," akasema. "Radhi, radhi, radhi. Mpaka ukaniita mheshimiwa! Ulinikosea nini wewe? Nilikuwepo pale, Zamoyoni, ni mimi niliyecheka, wao ndio walionifuta. Wakisema na sura yako huko kwenye simu nilikuwa nawaambia wanangu, huyu siye, mtani wangu hana adabu kama huyu. Wananiambia mbona haji. Kila Alhamisi nimekaa hapa hapa na kaniki yangu nikisikiliza mlango, maana mimi maji sivuki, wewe ndiye mwenye miguu. Sikutaka barua. Sikutaka radhi. Sikutaka serikali uani kwangu. Nilitaka uvuke, usimame hapo ulipo, unitukane."

Nikaikunja ile karatasi ya wizara, nikamwambia kwamba Mseta akisikia harufu ya nyama anaahirisha kufa, naye akacheka mpaka akashika ukuta, na kiganja kikatoka kwenye fundo.